Presha ya Kilula cha Mwisho

Usiku wa manane, koki zote zikiwa zimefungwa, bomba la maji ya mserereko halina upendeleo. Kila kilula, cha kwanza hadi cha mwisho, kina presha inayolingana na kimo cha maji kilicho juu yake, basi. Funga geji kwenye koki iliyo mita 10 chini ya uso wa maji ya tangi, itasoma takriban bar 1. Shuka na geji yako hadi koki iliyo mita 40 chini, itasoma karibu bar 4. Urefu wa bomba hauhesabiwi, wala unene wake, wala kona zake. Maji yaliyotulia hayajali yamezunguka mashamba mangapi ya miwa hadi kufika hapo.

Saa kumi na moja alfajiri ndoo zinaanza kupangwa foleni, na mambo yanageuka. Kinafunguliwa kilula cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ikifika saa moja, walio karibu na tangi wanajaza ndoo ya lita 20 mazungumzo yakiwa hayajakolea, na walio mwisho wa laini wanatazama uzi mwembamba wa maji, kisha matone, kisha koki inatoa pumzi ya hewa na kunyamaza. Bomba ni lile lile. Tangi limejaa. Mlima haujahama. Watu husema presha imekata.

Imekwenda wapi? Swali hilo hunijia kila ninapopita barabara ya kutoka Kidatu kwenda Ifakara, milima ya Udzungwa ikiwa imesimama mkono wa kulia na bonde la Kilombero likiwa limelala mkono wa kushoto. Sijui mahali pengine nchini Tanzania ambapo ardhi yenyewe inalijibu waziwazi namna hii.

Tuanze na maporomoko ya Sanje, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992. Maji yake yanashuka takriban mita 170. Si mbali na hapo, upande wa kaskazini, maji ya mto Ruaha Mkuu yanashuka takriban mita 175 kuifikia mitambo ya umeme ya Kidatu. Vimo viwili vinavyokaribia kulingana, na matokeo mawili yasiyofanana hata kidogo. Pale Sanje maji yako huru. Kila mita yanayoanguka inageuka papo hapo kuwa kasi, ngurumo, ukungu, na joto dogo ambalo mkono hauwezi kulihisi. Yakishatulia kwenye dimbwi la chini, kimo chote kimekwisha. Pale Kidatu maji yamefungiwa. Bwawa likijaa, uso wake uko mita 450 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo maji yanaingia kwenye handaki la takriban kilomita 10 lililochimbwa ndani ya mwamba, yanakwenda taratibu bila kuanguka na bila kelele, hadi yanapokaribia mitambo iliyojengwa chini ya ardhi. Karibu kimo chote kinafika kikiwa bado kipo, kimegeuka presha. Mashine nne, kila moja ya megawati 51, zinakipokea. Za kwanza mbili zilianza kazi mwaka 1975, nyingine mbili mwaka 1980, na kwa jumla ni megawati 204.

Kwa hiyo presha ya kilula cha mwisho haikukatika kama uzi unavyokatika. Imelipwa njiani. Maji yanayotembea ndani ya bomba hulipa nauli ya kila mita, na hayana fedha nyingine ya kulipia isipokuwa kimo.

Wahandisi wana namna ya kuichora nauli hiyo. Fikiria bomba linalotoka tangini kushuka kijijini, na juu yake, kila baada ya mita 100, umesimamisha mrija wa kioo ulio wazi kwa juu. Koki zikiwa zimefungwa, maji yatapanda ndani ya kila mrija hadi usawa ule ule wa tangi. Sasa fungua koki ya mwisho. Mrija wa kwanza unashuka kidogo, wa pili unashuka zaidi, wa tatu zaidi tena. Ukiviunganisha vimo hivyo kwa uzi, unapata mstari unaoinama kutoka tangini kuelekea kwenye koki. Huo ndio mstari wa presha. Presha ya sehemu yoyote ya bomba ni umbali wa wima kutoka kwenye bomba hadi kwenye mstari huo, na mwinamo wa mstari ndiyo nauli inayotozwa kwa kila mita.

Mwinamo wa mstari huo si mteremko wa ardhi. Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo mijadala mingi ya vijijini inapopotea. Ndani ya bomba lililojaa, maji yanaweza kushuka korongo na kupanda ng'ambo ya pili, yanaweza kupita chini ya reli ya TAZARA na kuinuka tena, mradi bomba libaki chini ya mstari wa presha. Mtu anayetazama ardhi tu ataapa kwamba maji lazima yafike, kwa kuwa kijiji kiko chini ya tangi. Yatafika, lakini kwa kiasi ambacho mstari utaruhusu.

Nauli yenyewe haipandi kwa usawa, na hilo ndilo linalowaumiza walio mwisho. Katika mabomba ya kawaida, maji yakiongezeka mara mbili, nauli huongezeka karibu mara nne. Tuchukue mfano. Tangi liko mita 40 juu ya kilula cha mwisho, na bomba ni la unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Tuseme wingi fulani wa maji unamaliza mita zote 40 njiani. Robo ya wingi huo itakula mita mbili na nusu tu. Nusu yake, mita 10. Robo tatu, mita 22 na nusu. Angalia kinachotokea: kutoka robo hadi nusu, watu wamepoteza mita saba na nusu na pengine hawakugundua kitu, lakini kutoka robo tatu hadi wingi kamili, mita 17 na nusu zimeondoka kwa mara moja. Ndiyo maana mradi unaweza kwenda vizuri miaka mitano, zikaongezwa nyumba chache, na ghafla watu wa mwisho wakakosa maji asubuhi nzima. Nyumba hizo chache hazikuiba kitu. Zimekuta bomba likiwa limebakiza kidogo, nazo zimechukua kile kidogo.

Aliyeyapima haya kwa uvumilivu kuliko wengi ni Henry Darcy, mhandisi wa mji wa Dijon nchini Ufaransa. Aliuletea mji wake maji ya chemchemi ya Rosoir, umbali wa zaidi ya kilomita 12, nayo yalifika mwaka 1840 kwa mserereko mtupu. Baadaye alirudi kwenye mabomba na kuyapima moja moja, mapana na membamba, mapya na yaliyochakaa, na mwaka 1857 akachapisha matokeo. Alichokionyesha ni kwamba ngozi ya ndani ya bomba ina neno lake: bomba lililoota kutu na magamba hutoza zaidi kuliko jipya la unene ule ule. Fomula ambayo wahandisi wa maji bado wanaitumia leo, pamoja na jina la Mjerumani Julius Weisbach, inabeba jina lake.

Lakini kuliko ngozi, kuliko urefu, mwamuzi mkubwa ni unene wa bomba. Kwa wingi ule ule wa maji, ukipunguza kipenyo kikawa nusu, nauli inapanda zaidi ya mara 30. Au uligeuze upande wa pili: ukiwa na kimo kile kile na urefu ule ule, bomba la inchi mbili halipitishi maji ya mabomba mawili ya inchi moja. Linapitisha ya mabomba matano na zaidi, yanakaribia sita. Kila ninapokumbuka hesabu hii nahisi uchungu, kwa sababu najua inavyokwenda kwenye vikao. Fedha haitoshi, mtu anapendekeza kilomita ya mwisho iwekwe bomba jembamba kidogo kwa kuwa huko watu ni wachache, kila mmoja anaona ni busara, na muhtasari unasainiwa. Kwenye karatasi bomba limepungua inchi moja. Kwenye kilula, akina mama na watoto wa shule wa kitongoji kile wamehukumiwa kusimama foleni miaka 20.

Waliochimba handaki la Kidatu walijua hesabu hiyo. Mashine zote nne zikifanya kazi kwa nguvu zote, zinahitaji takriban mita za ujazo 130 za maji kila sekunde. Kama handaki lingechimbwa jembamba, sehemu kubwa ya zile mita 175 ingeishia kusugua mwamba kwa kilomita 10, na umeme ungebaki kwenye makaratasi. Walichimba pana, gharama ikawa kubwa, na ikakubalika, kwa sababu kila mita ya kimo iliyookolewa ilikuwa na thamani inayohesabika kwa megawati. Mita ya kimo inayopotea kabla ya kilula cha mwisho haina anayeihesabu kwa fedha. Inalipwa kwa muda wa watu, na muda wa msichana mwenye ndoo haujawahi kuingia kwenye jedwali la gharama za mradi. Mimi naamini kwamba kama ungeingia, mabomba mengi ya vijijini yangekuwa na unene mwingine.

Mteremko mkali nao una adhabu yake, na vijiji vilivyo miguuni mwa Udzungwa viko mahali pa kuipata. Kitongoji kilicho chini kabisa ndicho chenye presha kubwa kuliko vyote maji yanapotulia, na mara nyingi ndicho kilicho mbali kuliko vyote maji yanapotembea. Usiku jointi zake zinapasuka. Mchana koki zake zinakauka. Mtu asiyejua ataona hadithi mbili zinazopingana, na ataanza kutafuta mchawi au mwizi. Ni hadithi moja: usiku mstari wa presha umelala sawasawa juu kabisa, mchana umeinama hadi karibu kugusa ardhi. Dawa ya usiku ni matangi madogo ya kupunguza presha yanayowekwa njiani kila baada ya kimo fulani, maji yakapumua na kuanza upya. Dawa ya mchana ni bomba nene. Ukitibu la usiku peke yake umemwokoa fundi, hujamwokoa mchotaji.

Kuna jambo zaidi ya usumbufu. Bomba likipanda kilima kidogo njiani, na mstari wa presha ukashuka chini ya kilele cha kilima hicho kwa sababu watu wengi wamefungua koki, presha ndani ya bomba pale juu inakuwa pungufu kuliko ya hewa ya nje. Bomba linaanza kuvuta. Hewa inakusanyika kileleni na kuziba njia, ndipo fundi anaitwa kuifungulia. Hiyo ni shida ndogo. Kubwa ni kwamba kila jointi iliyolegea pale juu sasa ni mdomo unaofyonza, na kinachofyonzwa ni maji yaliyotuama ardhini kuzunguka bomba: ya mvua, ya mfereji, ya choo cha jirani. Chanzo kinaweza kuwa kijito safi kinachotoka msituni, tangi likawa limetiwa klorini ipasavyo, na kipindupindu kikaingilia katikati ya njia. Pampu ndogo ambazo baadhi ya watu hufunga kwenye laini ili kuvuta maji kwa nguvu huleta hatari hiyo hiyo, pamoja na kumnyang'anya jirani presha yake. Mstari wa presha ni suala la afya ya jamii kama yalivyo matundu ya choo.

Upande wa kusini-magharibi wa bonde, huko Mlimba, kuna Kihansi, na huko kimo kimeacha simulizi ambayo Watanzania wengi wanaijua kwa sehemu tu. Mtambo wa Kihansi una megawati 180, kidogo tu pungufu ya Kidatu. Lakini maji yake yanashuka takriban mita 850, kwa hiyo unahitaji kama mita za ujazo 24 tu kwa sekunde, chini ya moja ya tano ya maji ya Kidatu. Kimo kingi, maji machache, umeme karibu ule ule. Mhandisi yeyote angeupenda mto huo.

Shida ni kwamba maji yale, kabla ya kufungiwa, yalikuwa na kazi. Yakianguka korongoni yalitoa ukungu usiokoma, na ndani ya ukungu huo, kwenye eneo la hekta chache tu, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Watafiti walimkuta mwaka 1996, ujenzi ukiendelea. Mtambo ulipoanza kazi mwishoni mwa muongo huo, sehemu kubwa ya maji iliacha maporomoko, na ukungu ukakata. Ikabidi kuweka mabomba yenye vinyunyizio, yakivuta maji kutoka juu ya korongo kwa mserereko, ili kutengeneza ukungu wa bandia. Mwaka 2000 vyura karibu 500 walipelekwa Marekani, wakatunzwa kwenye bustani za wanyama zikiwemo za Bronx na Toledo. Waliobaki korongoni walipukutika mwaka 2003, ugonjwa wa kuvu ukitajwa miongoni mwa sababu, na mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilitangaza kwamba wametoweka porini. Mwaka 2012 baadhi ya vizazi vyao vilirudishwa Kihansi.

Wapo waliouliza kwa nini fedha nyingi zitumike kwa vyura wakati watu hawana maji. Nauheshimu uchungu wa swali hilo. Lakini nikitazama vinyunyizio vile naona shida ile ile ya kilula. Kinyunyizio hakitoi ukungu kwa sababu tu kimeunganishwa. Kinatoa ukungu ikiwa presha iliyobaki, hapo kilipo, vingine vyote vikiwa vimefunguka, inatosha kuyapasua maji yawe chembe. Ikipungua, kinadondosha matone, na matone si ukungu. Kwa ajili ya chura ilibidi watu wakubali kwamba bomba kuwepo hakutoshi. Nataka mtu wa Mkula au Sonjo, vijiji vya miguuni mwa Udzungwa, ahesabiwe kwa ukali huo huo.

Ifakara yenyewe haina kimo cha kurithi. Mji umekaa juu ya tambarare ya mto Kilombero, milima inaonekana kwa mbali, na maji ya kisima lazima yainuliwe na pampu hadi kwenye mnara. Hapo kimo kinanunuliwa kwa umeme. Hesabu yake inanifurahisha: mita moja ya ujazo ikishuka Kidatu inatoa umeme wa kutosha kupandisha kama mita nane za ujazo kwenye mnara wa mita 10, hata pampu ikipoteza nusu ya nguvu, ukiacha kina cha kisima na upotevu wa kwenye nyaya. Ila mnara wa mita 10 unatoa bar 1 tu. Mji wa tambarare hauna cha kulipia bomba jembamba. Kwa hiyo Ifakara inahitaji mabomba manene kuliko vijiji vya mlimani, na kila anayepanga kupanua mtandao wake angeanza na hilo kabla ya kuhesabu wateja.

Nayo Kidatu, pamoja na nguvu zake zote, ina walio juu yake kwenye laini ndefu. Maji yake yanatoka bonde la Usangu na kwenye mito mingine ya nyanda za juu, yanahifadhiwa Mtera, bwawa ambalo likijaa linafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, kisha yanateremka makorongo hadi Kidatu. Mgao wa umeme wa mwaka 2006 ulipobana, Mtera ikiwa imepungua vibaya, lawama nyingi zilielekezwa kwa wakulima na hasa wafugaji wa Usangu, na wafugaji wengi wakahamishwa. Kweli mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu miaka ya 1990, na mabanio ya mashamba ya mpunga yana sehemu yake. Lakini Mtera hujazwa hasa na maji ya masika, na watafiti waliopima mtiririko wa mto walitofautisha mambo hayo mawili. Waliohamishwa walistahili kuonyeshwa vipimo kabla ya kuonyeshwa njia. Aliye juu hana hatia kwa kuwa tu yuko juu. Ana hatia akichukua zaidi ya fungu lake, na fungu halijulikani bila kupima.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kilula kiwe ndani ya mita 400 kutoka nyumbani na kihudumie watu 250. Ni malengo mema, na yote mawili yanaweza kutimizwa na kilula kisichotoa maji saa moja asubuhi. Tangu mwaka 2019 tuna wakala wa serikali, RUWASA, kwa ajili ya maji ya vijijini, na miradi mingi iko mikononi mwa vyombo vya watumia maji vya jamii. Kwa hao nina ombi. Msipokee mradi kwa kuona maji yanaruka kwenye koki moja siku ya uzinduzi. Fungueni vilula vyote kwa wakati mmoja, asubuhi ya siku ya kazi, mfunge geji kwenye kile cha mbali kuliko vyote, na kando yake mjaze ndoo moja mkishika saa. Namba hizo mbili ziandikwe kwenye daftari la mradi, kila kiangazi na kila masika, na zisomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla ya mapato na matumizi. Na anayekuja kuomba kuvutiwa maji nyumbani kwake aonyeshwe ukurasa huo kwanza, ndipo apokelewe ada.